Hoki ya barafu na mazingira: yanayosemwa na yalivyo

Ligi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu yenye timu 32 za Marekani na Kanada, imekuwa ikijitangaza kuwa rafiki wa mazingira tangu ilipoanzisha mpango wa NHL Green mwaka 2010. Wapo wanaoiamini neno kwa neno. Wapo pia wanaoicheka: mchezo wa kugandisha maji ndani ya jengo lililojaa watu na joto lao, utakuwaje wa kijani? Kwa maoni yangu makundi yote mawili hutazama mahali pasipostahili. Wanahesabu vikombe vya plastiki, maji na safari za ndege, ilhali mtambo wa kupozea unaonguruma chini ya viti hauulizwi na mtu.

“Barafu yote ile ni maji yanayopotea”

Tupige hesabu. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na barafu yake ina unene wa sentimita 3 hivi. Hiyo ni kama lita 50,000 za maji, sawa na bwawa dogo la kuogelea la nyumbani, na barafu hiyo hukaa kwa miezi. Ukumbi ukiwa na tamasha au mechi ya kikapu, hufunikwa kwa sakafu ya muda badala ya kuyeyushwa. Kinachoendelea kutumika ni maji ya mashine ya Zamboni, lita mia kadhaa kila inapozunguka kukwangua na kulainisha.

Ndiyo maana sivutiwi sana na sifa inayorudiwa mno kuhusu Climate Pledge Arena ya Seattle, uwanja wa timu ya Kraken uliofunguliwa 2021: kwamba mvua ya paani hukusanywa kwenye tangi na kugeuzwa barafu. Ni jambo zuri, na linapendeza kwenye picha. Kazi kubwa zaidi ya uwanja ule haipigiki picha kirahisi. Wajenzi walilibakiza paa la mwaka 1962, lenye uzito wa takriban tani 20,000, wakalishikilia kwa nguzo za muda huku wakichimba ukumbi mpya chini yake. Kubomoa na kumwaga zege upya kungekuja na uchafuzi wake. Zaidi ya hapo, jengo hilo halichomi gesi asilia katika shughuli zake za kila siku. Kuanzia jikoni hadi kupasha joto, kila kitu ni umeme.

“Mitambo ikiwa ya umeme, basi uwanja ni safi”

Inategemea umeme unatoka wapi. Seattle na Montreal hupata sehemu kubwa ya umeme wao kutoka kwenye maji ya mito na mabwawa. Calgary na Edmonton ziko Alberta, jimbo la Kanada ambako umeme mwingi huzalishwa kwa gesi asilia. Barafu ni ileile, unene uleule, nyuzi zilezile 4 au 5 chini ya sifuri, lakini kaboni yake si moja. Meneja wa uwanja wa Alberta anaweza kujitahidi kuliko mwenzake wa Montreal na bado takwimu zake zikaonekana mbaya. Anayelinganisha viwanja bila kuuliza gridi ya umeme analinganisha jiografia.

“Ndege za timu ndizo zinazochafua zaidi”

Mtu huwaza hivyo kwa sababu timu husafiri kwa ndege za kukodi kutoka pwani hadi pwani msimu mzima. Lakini mwaka 2014 NHL ilipochapisha ripoti yake ya kwanza ya uendelevu, uchafuzi wa ligi ulikadiriwa kuwa tani 530,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitokana na nishati ya viwanja. Kompresa, yaani pampu za mtambo wa kupozea, hukimbia usiku na mchana. Mitambo ya kukausha hewa hupambana na unyevu wa pumzi za maelfu ya mashabiki, kwa sababu unyevu ukizidi ukungu hutanda na barafu huwa laini. Taa kali nazo huipasha barafu kutoka juu, hivyo kubadili taa za zamani kwa LED hupunguza bili mara mbili: ya taa zenyewe na ya kompresa.

Wachezaji nao hawakukaa kimya kuhusu safari. Mwaka 2007 beki Andrew Ference alianza kuwashawishi wenzake walipie kiasi cha kufidia kaboni ya safari zao, yaani kugharimia kupunguzwa kwa uchafuzi kwingineko, na mamia wakakubali. Ilikuwa hatua ya heshima, ila kufidia hakuizuii ndege kuruka.

“Amonia ni sumu, heri gesi za kisasa”

Chini ya barafu kuna bamba la zege lililopitishiwa kilomita kadhaa za mabomba, na ndani yake huzunguka maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiwango cha kuganda. Kinachoyapoza ni gesi iliyo kwenye mtambo, iwe amonia au nyingine, na hapo ndipo penye mjadala.

Hofu ya amonia ina msingi. Oktoba 17, 2017, amonia ilivuja katika uwanja wa barafu wa mji wa Fernie, British Columbia, Kanada, na wafanyakazi watatu wakafariki. Hakuna takwimu ya tabianchi inayofuta hilo.

Upande wa pili, gesi iliyotumika kwa miaka mingi kuikwepa amonia ni R-22. Hiyo hula tabaka la ozoni, na kilo moja ikivuja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,800 hivi za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Marekani ilisitisha kuzalisha na kuingiza R-22 mpya kuanzia Januari 1, 2020. Mwaka 2018 NHL ilitangaza ushirikiano na Chemours, kampuni inayouza gesi mbadala za Opteon. Neno “mbadala” linahitaji jicho kali. R-449A, mojawapo ya gesi hizo, haiharibu ozoni, lakini nguvu yake ya kupasha joto bado ni takriban mara 1,400 ya hewa ukaa. Amonia kwa kipimo hicho ni sifuri. Kwa hiyo gesi isiyomdhuru fundi wa zamu inaweza kuidhuru anga, na kinyume chake. Binafsi ningechagua amonia kidogo, iliyofungiwa chumba chenye vitambuzi na feni, na mafundi waliofunzwa kweli.

“Mechi za nje hutumia baridi ya bure”

Hazitumii. Barafu ya mechi za nje za NHL hugandishwa kwa mtambo unaosafirishwa kwa lori, na ndiyo sababu mechi iliwezekana Los Angeles mwaka 2014. Hata mtambo huo una mipaka. Februari 20, 2021, timu za Avalanche na Golden Knights zilicheza kando ya Ziwa Tahoe, milima ya theluji nyuma yake. Jua la anga lisilo na wingu liliilainisha barafu mpaka wachezaji wakawa wanajikwaa. Mechi ilisimamishwa baada ya kipindi cha kwanza, ikaendelea usiku, baada ya kusubiri zaidi ya saa nane.

“NHL ikisafika, mchezo umesafika”

Viwanja vya ligi ni 32 tu. Mchezo wenyewe uko kwenye maelfu ya viwanja vya mitaa, vingi vya miaka mingi, vyenye paa linalovuja joto na bajeti inayotegemea halmashauri. Fundi wa huko hana mdhamini wa kumletea mtambo mpya. Huanza kwa kinachowezekana, kama kuvuna joto linalotupwa na kompresa ili lipashe maji ya Zamboni na vyumba vya kubadilishia nguo. Hata hivyo uwanja wa kwanza Amerika Kaskazini kupozwa kwa hewa ukaa yenyewe, bila amonia wala R-22, haukuwa wa NHL. Ulikuwa wa Saint-Gédéon-de-Beauce, mji mdogo wa Quebec.