Je, wajua kwa nini mkaguzi wa majengo huitwa kabla zege halijamwagwa?

Kibali cha ujenzi kutoka Manispaa ya Mtwara-Mikindani au ya Lindi hupitisha michoro: matumizi ya kiwanja, umbali wa ukuta kutoka mpakani, mahali pa choo na shimo la maji taka. Nguvu yake inatoka kwenye Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ila nondo zimelala wapi ndani ya boriti, ramani haiwezi kuthibitisha, na zege likishamwagwa hakuna jicho litakaloziona. Basi mkaguzi aitwe nondo zikiwa bado wazi: msingini, kwenye linta, kwenye slabu.

Mkaguzi makini huanza na futi kamba. Anapima nafasi kati ya nondo na ubao unaozuia zege. Ndani ya nyumba iliyo mbali na bahari, milimita 25 hutosha. Kwa sehemu inayopigwa na upepo wa chumvi, kama nguzo za nje pale Shangani mjini Mtwara au Mikindani, wahandisi hutaka kama milimita 50. Zege zima lina ukali wa alikali (kinyume cha asidi) unaoifunika nondo kwa utando mwembamba usioruhusu kutu. Chumvi ikipenya, utando huo hutoboka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma zege hadi linapasuka na kubanduka vipande. Ufa unaofuata mstari wa nondo ndiyo dalili yake.

Kosa la kawaida ni kulaza nondo juu ya ubao, kisha fundi kuzinyanyua kwa mkono wakati wa kumwaga. Wabeba karai wakipita juu yake, zinarudi chini. Dawa ni vipande vya zege vya unene unaotakiwa, vyenye waya wa kufungia nondo. Kipande cha mbao hakifai. Kitaoza kiache tundu.

Chumvi nyingine huletwa na sisi wenyewe: mchanga wa ufukweni, au maji ya kisima chenye chumvi. Mchanga wa bara una gharama ya lori, lakini kwa zege lenye nondo hiyo si gharama ya kukwepa. Maji nayo yana kipimo: kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 hivi. Mafundi hupenda kuongeza ili zege litiririke. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na chumvi hupita humo humo.

Kwa ghorofa, zege hujazwa pia kwenye viboksi vya milimita 150 kila upande, kisha huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Siku ya 28, zege la daraja la 25 (nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita mraba) linapaswa kubeba takriban tani 57 kwenye kiboksi kimoja kabla ya kuvunjika.

Mtaarifu mkaguzi siku kadhaa kabla, si asubuhi ambayo mashine ya kuchanganyia imeshawashwa.