Kadi ya mke kwenye waleti ya mume, na neno "watiini" la Waefeso 5

Miezi miwili iliyopita walikuja mke na mume ofisini kwangu, ndoa ya miaka kumi na moja, watoto watatu, mama ni mwalimu wa shule ya msingi na baba ana duka la vifaa vya ujenzi. Wameniruhusu niandike bila kuwataja. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye nauli, mama aliomba nauli ya kwenda msibani kwao, baba akasema hamna hela, mama akasema lakini mshahara wangu si umeshaingia, na hapo ndo nikagundua kwamba kadi ya benki ya mama inakaa kwa baba tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikamwomba baba aitoe. Akaitoa kwenye waleti akaiweka mezani, imeshachubuka kwenye kona, jina la mke limeandikwa pale chini. Nikamuuliza mama, namba ya siri unaikumbuka? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Nimeshaisahau mchungaji, ni miaka mingi."

Huyu baba siyo mtu wa fujo. Halewi, hajawahi kumpiga mkewe, ada za watoto analipa kwa wakati. Aliniambia kwa utulivu kabisa, "Mtumishi, mimi si ndo kichwa cha nyumba? Biblia si imesema?" Yaani anaamini kwamba anamtii Mungu. Na mimi sikuweza kumjia juu, kwa sababu nimefundisha mafundisho ya ndoa zaidi ya miaka kumi na tano na ile miaka ya mwanzo nilikuwa naanzia Waefeso 5 mstari wa 22, ule wa wake kuwatii waume, nakaa hapo nusu saa nzima, alafu mstari wa 25, ule wa waume kuwapenda wake zao, naupitia kama matangazo ya mwisho wa ibada. Kuna vijana walitoka kwenye darasa langu wakaenda kuishi hivyohivyo. Jambo hili linaniuma, ndo maana naandika.

Sasa hebu fungua Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumekulia nayo. Waefeso 5:21: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Mstari wa 22: "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Sogea sura ya 6, mstari wa 1, watoto nao wanaambiwa "watiini wazazi wenu", mstari wa 5 watumwa wanaambiwa wawatii mabwana zao. Sikio la Kiswahili linasikia watiini, watiini, watiini, basi mke, mtoto na mtumwa wote tunawapanga foleni moja. Lakini Kigiriki hakiko hivyo kabisa. Kwa watoto na watumwa Paulo ametumia kitenzi hupakuo, ndo kutii tunakokujua, unaambiwa fanya unafanya. Kwa wake hakutumia hicho. Kitenzi kinachowahusu wake ni hupotaso, kujiweka chini ya mwenzako kwa hiari, na hicho ndo kilekile kilichotafsiriwa "mnanyenyekeana" kwenye mstari wa 21. Kitenzi kimoja! Kikiwahusu Wakristo wote kimekuwa kunyenyekeana, kikimfikia mke kimegeuka kuwa kutii.

Siwalaumu watafsiri, walifanya kazi kubwa sana na mimi nimempokea Kristo kwa kusoma Biblia hiyohiyo. Ila kuna kitu kingine inabidi ukijue. Kwenye nakala mbili za zamani mno, ile ya mafunjo (papiro) inayoitwa P46 ya karibu mwaka 200, na ile ya Vatikani ya karne ya 4, mstari wa 22 hauna kitenzi. Unasomeka tu hivi: wake, kwa waume zenu wenyewe, kama kwa Bwana. Kitenzi inabidi ukiazime mstari wa 21, kwa hiyo huwezi kuukata mstari wa 22 ukausimamisha peke yake kwenye kadi ya harusi au kwenye hotuba ya send-off, ukiukata umebaki na sentensi isiyo na miguu. Mke anaambiwa kitu, ndiyo, na mstari wa 24 unasema katika kila jambo, sifichi. Lakini anaambiwa ndani ya nyumba ambayo kila mtu ameshaambiwa anyenyekee, na mume yumo.

Fikiria pia waliousikia ule waraka ukisomwa mara ya kwanza. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alikuwa ameshapanga kanuni ya nyumba karne nyingi kabla, mume na mke, baba na mtoto, bwana na mtumwa, na yeye alikuwa anaongea na mwanaume tu, namna ya kuwatawala hao wengine. Paulo anachukua jozi zilezile tatu, ila anaanza kwa kuongea na mke mwenyewe, na mtoto mwenyewe, na mtumwa mwenyewe, kama watu wenye akili na dhamiri zao. Alafu anamgeukia mume, na pale ambapo kila msikilizaji alitegemea asikie "mtawale mkeo", anasema "wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Mistari ya wake ni mitatu. Ya waume inaanzia 25 inaenda mpaka 33, na humo mwote hakuna hata mara moja mume anaambiwa amfanye mke amtii. Tafuta, hutaipata.

Najua hapa kuna ndugu watauliza, kwa hiyo kichwa hakuna? Kuhusu neno kefale, yaani kichwa, la mstari wa 23, wasomi wamebishana sana tangu miaka ya 1980, wengine wanasema ni mamlaka, wengine wanasema ni chanzo kama tunavyosema chanzo cha mto, na huko Marekani walifikia kuunda vyama, CBMW (Council on Biblical Manhood and Womanhood) cha upande wa mamlaka mwaka 1987 na CBE (Christians for Biblical Equality) cha upande wa usawa mwaka 1988, kila kimoja na vitabu vyake. Nimesoma pande zote. Mimi naamini mume amepewa wajibu wake mbele za Mungu na sioni haja ya kulifuta neno kichwa, lakini Paulo hakutuachia sisi tulijaze maana kutoka kwa babu zetu au kwa bosi wa ofisini. Amelijaza yeye mwenyewe: akajitoa. Kichwa hiki kina taji la miiba.

Na kuna neno mstari wa 29 ambalo huwa nalisoma taratibu sana. Union inasema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, "bali huulisha na kuutunza, kama Kristo naye anavyolitendea Kanisa." Hiyo kuutunza kwa Kigiriki ni thalpo, kupasha joto. Kwenye Agano Jipya lote neno hili liko mara mbili tu, hapa, na 1 Wathesalonike 2:7 ambapo Paulo anajifananisha na mlezi anavyotunza watoto wake mwenyewe, mama na kichanga kifuani. Kwenye Agano la Kale la Kigiriki, Kumbukumbu 22:6, limetumika kwa ndege aliyelala juu ya makinda au mayai yake. Kiswahili tunalo neno lake, kuatamia. Kila mtu aliyefuga kuku anajua kuku anayeatamia yukoje, hali vizuri, haondoki hata mvua ikipiga, anakonda kabisa, manyoya ya tumboni yananyonyoka, na chini yake kuna uhai unakua. Paulo anamwambia mwanaume wa Efeso, mwanaume wa dunia ya Kirumi, kazi yako kama kichwa ni hiyo. Ukiniuliza jinsia inahusiana vipi na kuongoza kama Kristo, nitakupeleka kwenye neno hilo kwanza, kwamba kazi ya kichwa wa kiume imeelezwa kwa neno la mama.

Kwenye kitchen party utasikia mwanaume ni kichwa mwanamke ni shingo, shingo ndo inageuza kichwa, na watu wanapiga vigelegele. Siupendi msemo huo hata kidogo. Unamfundisha binti atawale kwa ujanja wa chinichini kwa sababu mwenzake anatawala waziwazi, na Kristo hayupo kwenye utawala wa namna zote mbili. Marko 10 Yesu alishasema wakuu wa Mataifa huwatawala kwa nguvu, "lakini haitakuwa hivyo kwenu."

Swali la nani ana neno la mwisho ndo linaloulizwa kila semina. Mahali pekee Paulo anapotaja wazi amri ya mwenzi mmoja juu ya mwenzake ni 1 Wakorintho 7:4, mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na papo hapo, "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Alafu mstari wa 5, msinyimane isipokuwa "mmepatana". Mmepatana, basi. Hakusema mume akiamua. Kama kwenye jambo zito la kitandani na la maombi wanatakiwa kupatana, mimi sioni jinsi kadi ya benki itakavyokuwa na sheria kali zaidi.

Wengine watanileta kwa Sara, 1 Petro 3:6, alimtii Ibrahimu akamwita bwana, na kweli pale kitenzi ni hupakuo. Sawa. Ila nenda Mwanzo 21:12 Mungu anamwambia Ibrahimu, "Kila akuambialo Sara, sikiza sauti yake." Na Petro mwenyewe mstari unaofuata anawaambia waume wawape wake heshima kama warithi pamoja, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Mwanaume anaweza kufunga siku arobaini mlimani na maombi yake yakakwama kwa sababu ya jinsi alivyoongea na mkewe jikoni.

Kuhusu kipigo sitaandika mengi kwa sababu hakuna cha kujadili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila iseme nini. Mama anayepigwa asiambiwe avumilie kwa Waefeso 5. Apelekwe mahali salama kwanza, dawati la jinsia polisi lipo, mengine yatafuata. Mzee wa kanisa anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo amebeba damu.

Nirudi kwa wale wawili. Kikao cha pili tulisoma Yohana 13 pamoja, nikamwomba baba asome kwa sauti, akafika pale panaposema Yesu, "hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake", akatwaa kitambaa awaoshe wanafunzi wake miguu. Baba akasimama hapo. Akarudia mwenyewe, vyote mikononi mwake. Kadi bado ilikuwa kwake siku hiyo. Akaniuliza, "Na akizitumia vibaya?" Nikamwambia kaka yangu, kuna siku atakosea, na wewe miaka kumi na moja hujawahi kukosea na hizo hela? Hakujibu. Mama alikuwa anaangalia chini.

Jumatatu iliyofuata nikapata meseji ya mama, ndefu. Walikuwa wameenda benki wote, na kitambulisho chake, akabadilishiwa. Baba alibaki nje kwenye pikipiki, hakuingia. "Mchungaji, dada wa benki kaniambia niweke namba mpya ya siri. Nimesimama pale karibu dakika nzima sijui niweke ipi."