Kwa Nini Hatujapima Saratani ya Kinywa kwa Mate Peke Yake

"Daktari, mjukuu wangu amesoma kwenye simu kuwa siku hizi saratani yapimwa kwa mate. Mbona wewe wataka kunikata nyama?"

Bibi huyu wa Langoni, hapa Lamu, ana baka jeupe ndani ya shavu la kushoto. Nililipangusa kwa pamba, halikutoka. Lipo pale pale anapoweka tambuu tangu alipokuwa mwari. Swali lake lina haki ya kujibiwa vizuri, na najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mjukuu hakukosea. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na mate hayo huosha ulimi, ufizi na mashavu mchana kutwa. Kidonda cha saratani kikiwamo kinywani, seli zake zinazokufa huacha vipande vya DNA, yaani vinasaba vyake, humo humo. Huingia pia protini kama intaleukini-6 na intaleukini-8, ambazo mwili huzitoa panapokuwa na uvimbe wa maradhi yoyote, pamoja na vijipande vidogo sana vya RNA, ndugu ya DNA. Hivyo ndivyo viashiria wanavyovitafuta watafiti.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 93 wa saratani za kichwa na shingo. Wale ambao saratani yao ilikuwa kinywani, wote walikutwa na DNA ya saratani kwenye mate. Lakini lililonigusa zaidi ni jingine: kwa wagonjwa wachache waliokwisha kupasuliwa, DNA hiyo ilionekana tena kabla madaktari hawajaona kwa macho kuwa ugonjwa umerudi. Hapo ndipo naona faida kubwa ya mate. Mgonjwa aliyetibiwa hukaa na hofu miaka, na kichupa kimoja kingeweza kutuambia ugonjwa unaelekea wapi mapema, tungali na nafasi ya kufanya kitu.

Basi mbona bado twakata? Kwa sababu intaleukini-8 hupanda hata kwa mtu mwenye ufizi mbovu unaotoka damu, na fizi za namna hiyo twaziona kila siku. Tena RNA huoza upesi kuliko samaki changu aliyeachwa juani. Mate hutolewa kabla ya kula au kupiga mswaki, na kichupa huingia kwenye barafu papo hapo. Fikiria kichupa hicho kikitoka Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwa boti. Na hata kikifika salama, maabara mbalimbali hazijakubaliana kiwango gani kihesabiwe ni hatari.

Kipande cha nyama ndicho kinachothibitisha saratani. Na ikiwa ipo, mkondo wake huonekana kwa ukubwa wa kidonda, kwa kina chake kwa milimita (kupita milimita 5 hubadilisha daraja la ugonjwa, kupita 10 hulipandisha zaidi), na kwa tezi za shingo. Saratani ikishafika kwenye tezi, matumaini ya kupona hupungua karibu nusu.

Kuhusu tambuu nasema bila kuficha, ingawa najua sinia la uraibu, yaani la tambuu, ni heshima ya harusi zetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha mwaka 2004 kuwa popoo, ile kokwa itafunwayo ndani ya tambuu, yenyewe husababisha saratani, hata bila tumbaku. Tumbaku ikichanganywa humo, hatari huzidi.

Bibi alikubali. Sindano ya ganzi, kipande kisichozidi punje ya choroko, nyuzi mbili, akarudi kwake kwa miguu.

Nawe ukiwa na kidonda kinywani kisichopona kwa wiki 2, baka jeupe au jekundu lisilofutika, au mdomo unaokaza hata tonge laingia kwa shida, usingojee kipimo cha mate kifike kisiwani. Njoo na boti ya kesho asubuhi.