Rejeta na grili ya hoti rodi: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Hoti rodi ya jadi ni gari la Marekani la zamani, mara nyingi Ford Model A (1928 hadi 1931) au Ford ya 1932, lililovuliwa madigadi na kufungwa injini yenye nguvu zaidi. Mtindo huu ulikuzwa na vijana wa kusini mwa California waliokwenda kushindana kwa kasi kwenye maziwa yaliyokauka, yaani tambarare za jangwani, ya Muroc na El Mirage. Uso unaotambulika kuliko nyuso zote ni ganda la grili la Ford ya 1932, lenye vyuma vya wima katikati. Wengi hulifunga hata kwenye Model A. Nyuma ya uso huo mwembamba lazima ikae rejeta inayotosha kuipoza V8, yaani injini ya silinda nane, na hapo ndipo maneno ya gereji huanza kupishana na ukweli.

"Rejeta ni kitu cha mwisho. Ifungwe mengine yakishakaa."

Huu ndio upotofu unaogharimu kuliko wote. Kwenye Ford ya 1932 ganda la grili halina mahali pake peke yake, hushikwa na rejeta. Boneti nayo hulala kwenye ganda upande wa mbele, na upande wa nyuma hulala kwenye kingo za bodi mbele ya kioo. Rejeta ikisogea nusu sentimita, ganda linasogea, boneti inakataa kukaa, na mstari wa gari zima unaharibika. Ukiona hoti rodi inayoonekana imeinua pua, chunguza urefu wa rejeta kabla hujazilaumu springi.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Bodi ikae kwenye fremu ikiwa na mipira yake yote, na bolti zikazwe. Gari lisimame kwa magurudumu yake, si juu ya stendi. Injini na giaboksi ziwe mahali pake, pampu ya maji na feni zikiwa zimefungwa. Ndipo uweke rejeta na ganda, na uilaze boneti juu yake. Pima kwa mshazari kutoka kona ya juu ya bodi upande wa kushoto hadi kona ya ganda upande wa kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vilingane. Nafasi kati ya boneti na ganda iwe milimita 5 hivi, sawa pande zote, baada ya kubandika utepe wa kitambaa unaozuia chuma kusugua chuma. Vile vyuma virefu vinavyotoka juu ya rejeta hadi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini ndivyo hutumika kuvuta ganda nyuma au kulisukuma mbele. Kila kitu kikisharidhisha, ndipo utoboe matundu. Anayetoboa kwanza hurudi kuyaziba kwa kulehemu.

Feni ibaki na nafasi ya angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye rejeta. Injini iliyokaa juu ya mipira husogea mbele ukikanyaga breki kwa nguvu, na panga la feni likigusa mirija ya rejeta, safari imeishia hapo. Kwa Chevrolet V8 ndogo, iliyoanza kuuzwa 1955, pampu fupi iliyotumika kwenye magari madogo hadi 1968 huokoa sentimita 3 hivi kulinganisha na ile ndefu iliyofuata. Puli za pampu fupi haziendi na pampu ndefu, kwa hiyo nunua seti nzima ya aina moja. Hakikisha pia kwamba tundu la chini la rejeta liko upande wa kulia wa gari, maana pampu hiyo huvuta maji upande huo.

"Ikaze mpaka isitikisike kabisa."

Fremu ya 1932 hujipinda kila gurudumu moja linapopanda jiwe. Rejeta ya shaba imeunganishwa kwa risasi laini ya kulehemia, na haina mahali pa kujipinda. Ukiikaza chuma kwa chuma, viungo vya tangi huanza kuvuja baada ya muda, fundi rejeta anaviziba, navyo vinafunguka tena palepale. Ford waliweka mpira chini ya rejeta, na springi ndogo kwenye bolti, kwa sababu hiyo hasa. Kaza nati mpaka springi ibanwe kiasi, halafu ifunge kwa pini isilegee. Vile vyuma viwili vya juu ni vya kuishika rejeta isiyumbe pale ilipokwisha kukaa, si vya kuivuta kwa nguvu. Nati zake zikifungwa wakati rejeta inalazimishwa kuja nyuma, mkazo huo utaishia kwenye tangi la juu.

"Maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa."

Mafundi wa Marekani husema hivi, na wa kwetu pia. Ukweli ni kwamba maji hayapiti kwenye rejeta mara moja na kwenda zake. Yanazunguka. Yakikaa muda mfupi kwenye rejeta, yanakaa muda mfupi ndani ya injini vilevile, na yanarudi kupoa mapema zaidi. Mzunguko wa haraka husafirisha joto vizuri kuliko wa polepole.

Basi kwa nini kuna watu waliopunguza kasi ya maji na gari likatulia? Sababu ni mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza, kizuizi mahali maji yanapotokea kwenye injini hupandisha presha ndani ya bloku (mwili wa injini), na presha hiyo huzuia mapovu ya mvuke kujishika kwenye kuta zenye joto kali. Ya pili inaihusu zaidi Ford V8 ya valvu za pembeni, ile flathedi, yenye pampu mbili. Injini ikizunguka sana, pampu hizo zinaweza kujaza tangi la juu haraka kuliko mirija michafu inavyoweza kuyashusha maji. Yanapanda na kumwagika kwa bomba la ziada. Dereva anaona maji chini na kusema gari limechemsha, kumbe yamemwagika tu. Wanaokimbiza flathedi walijifunza kukata mapanga ya pampu, moja likatwe na linalofuata liachwe. Kwa gari la barabarani dawa ni kuzibua rejeta.

Mkasa wa themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, unafuatana na huo. Kuitoa ni desturi Dar es Salaam na Nairobi kama ilivyo kwingineko, na matokeo ni yaleyale: injini inachelewa kupata joto, mafuta yanabaki mazito, na kizuizi kile chenye faida kimeondoka. Flathedi hutumia themostati mbili, moja kwa kila silinda hedi (kichwa cha injini), kwenye mipira ya juu ya maji. Zinazofunguka kwa nyuzi 71 au 82 za Selsiasi zinafaa. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ukingo wa kila moja ili hewa ipite wakati wa kujaza maji. Kabla ya kuzifunga, zichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, uone kwa macho yako zinafunguka lini. Mpya pia hukwama.

"Weka kifuniko cha presha kubwa, tatizo litaisha."

Kifuniko hakipozi chochote. Kinachelewesha maji kuchemka, basi. Cha psi 7 (psi ni kipimo cha presha) huongeza nyuzi 11 au 12 za Selsiasi juu ya kiwango cha kuchemka, na hiyo ni akiba nzuri kwa gari linalopanda milima, kwa kuwa kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi 1 hivi. Lakini rejeta za Ford za mwanzo wa miaka ya 1930 hazikutengenezwa kubeba presha. Ukizifunga kifuniko cha psi 13 au 16 cha gari la kisasa, viungo vya tangi vitafunguka, na sili za pampu za zamani zitaanza kutoa maji. Rejeta iliyowekwa mirija mipya na kulehemiwa upya: psi 4, isizidi 7. Rejeta ya asili: iache bila presha, na usiijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi juu, maji yanapopata moto yatanuke.

"Safu nyingi za mirija ndiyo baridi nyingi", na "alumini haipozi kama shaba."

Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, hilo ni kweli. Lakini mirija yenyewe ya rejeta za kale ni ya shaba ya manjano, isiyopitisha kama shaba nyekundu, na risasi ya viungoni ni dhaifu zaidi. Mirija ya alumini inaweza kuwa mipana, inchi 1, hivyo safu 2 hufanya kazi ya safu 4 za nusu inchi. Kuhusu wingi wa safu, ile ya nyuma hupokea hewa iliyokwisha pata moto kwenye zile za mbele, na unene wote huo unazuia hewa kupita. Safu 3 zenye hewa ya kutosha hushinda 5 zilizokabwa.

Ukichagua alumini, usitumie maji ya bomba. Tumia maji yaliyosafishwa pamoja na kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu kwa nusu. Pima na umeme: waya hasi wa mita kwenye hasi ya betri, waya chanya ndani ya maji bila kugusa chuma, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Ikizidi volti 0.1, kuna kifaa chenye ethi mbovu, na alumini itatobolewa nacho.

"Grili ni pambo tu."

Hewa hupita palipo rahisi. Ukiacha upenyo kati ya ganda na rejeta, sehemu kubwa ya hewa itazunguka pembeni. Ziba kwa utepe wa mpira au sponji pande zote mbili na juu. Namba ya gari iliyofungwa katikati ya grili nayo inakula hewa, kwa hiyo ishushe. Kava ya feni, ile inayoizunguka feni nyuma ya rejeta, ni lazima kwa gari lenye boneti iliyofungwa. Mapanga yaingie ndani yake nusu hadi theluthi mbili. Feni ya umeme ikifungwa mbele ya rejeta huziba njia gari likienda kasi, na mfumo wa volti 6 wenye jenereta ya zamani hauna umeme wa kuiendesha vizuri.

Kupunguza urefu wa ganda kwa inchi 2 hadi 3 ni jambo la kawaida, hasa linapowekwa kwenye Model A. Kata sehemu ya kati, mbali na mkunjo wa juu. Pande zake haziendi wima kabisa, hivyo ukitoa kipande, kingo mbili hazitakutana sawasawa mpaka uzirekebishe kwa mikato midogo. Rejeta nayo inafupishwa. Kiini cha rejeta (sehemu yenye mirija) cha urefu wa sentimita 45 kikipunguzwa sentimita 7.5, umepoteza moja ya sita ya eneo la kupozea. Na ukiziba tundu la kifuniko juu ya ganda ili lionekane safi, angalia tangi la juu lisije likawa chini kuliko mdomo wa maji wa injini. Likiwa chini, hewa itanasa ndani ya silinda hedi. Hapo unahitaji tangi dogo la kujazia, lililofungwa juu kuliko vyote, karibu na ukuta wa nyuma.

"Flathedi imezaliwa ikichemsha."

Njia za moshi za injini hii hupita ndani ya bloku, kandokando ya silinda, na silinda mbili za kati hushiriki tundu moja, ndiyo maana kila upande una matundu 3 badala ya 4. Joto la moshi linaingia kwenye maji. Lakini injini hizi zilitengenezwa kuanzia 1932 hadi 1953 na kuendeshwa jangwani. Kinachoziua ni kutu, na mchanga wa kalibu ya kiwandani uliobaki kwenye njia za maji. Bloku isipochokorwa kwa waya na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, uchafu huo utaingia kwenye rejeta mpya ndani ya wiki moja. Funga soksi za nailoni ndani ya mipira ya juu ya maji zinase uchafu kwa kilomita 100 za mwanzo, kisha uzitoe.

Gari likichemsha kwenye foleni na kutulia barabarani, tafuta kasoro kwenye feni, kava na mianya ya hewa. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo, tafuta kwenye maji: mirija iliyoziba, au mpira wa chini unaonywea pampu inapovuta kwa sababu hauna springi ndani. Pitisha mkono au kipimajoto cha mwanga juu ya rejeta yenye moto. Palipo baridi katikati ya joto, mirija hiyo imekufa.