Je, wajua kwa nini pleti moja tu ya springi hubadilisha tabia ya pikapu nzima?

Pikapu ikianza kukaa chini nyuma na taa zake kumulika vilele vya miti badala ya barabara, gereji karibu zote hutoa ushauri mmoja: ongeza pleti. Mwenye gari hulipa, fundi hufungua yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), anapachika kipande kimoja cha chuma chini ya vingine, na gari linainuka. Siku chache baadaye abiria wanalalamika kwamba gari tupu linawarusha hadi kichwa kinagonga paa, na dereva anahisi nyuma inahama kwenye kona ya changarawe. Kipande kimoja cha chuma, chenye unene usiofika hata wa kidole, kimelifanyaje hivyo gari lenye uzito wa karibu tani mbili?

Chukua mtu anayebeba maji kwa mzegazega, ndoo moja mbele na nyingine nyuma. Mti wake hupinda zaidi pale ulipokaa begani, na ukivunjika utavunjikia hapo. Springi ya nyuma ya pikapu ni mti huo: ekseli ndiyo bega, na kwenye ncha mbili inaning'inia chesisi pamoja na bodi na kila ulichopakia. Kwa kuwa nguvu ya kupinda ni kubwa katikati na hupungua kuelekea kwenye ncha, hakuna haja ya chuma kingi mwishoni. Ndiyo maana pleti hupangwa ndefu juu na fupi chini: katikati zinakuwa tano au sita, kwenye ncha inabaki moja, ile yenye masikio ya kupitisha bushi na bolti. Sikio la mbele hufungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Sikio la nyuma hushikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikibanwa na mzigo hunyooka, na ikinyooka hurefuka.

Ni mpango wa zamani sana. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za magari ya farasi mwaka 1804, na wazo lile lile lipo chini ya Toyota Hilux tangu ilipotoka mwaka 1968. Land Cruiser za mfululizo wa 70 ziliwekewa springi za koili mbele mwaka 1999, lakini nyuma zikabaki na pleti. Kwa gari la mizigo, pleti zinafanya kazi kadhaa kwa pamoja: zinabeba uzito, zinaishika ekseli isiende mbele wala nyuma, na kusuguana kwake kunapunguza mtikisiko kidogo. Chuma kilekile kikikatika njiani, fundi wa kijijini anaweza kukibadilisha kwa jeki na spana.

Siri kubwa iko kwenye unene. Ukakamavu wa pleti hauongezeki sawasawa na unene wake. Unaongezeka kwa unene huo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Pleti ya milimita 14 haina ukakamavu mara mbili wa ile ya milimita 7 yenye upana na urefu uleule. Ina mara nane. Sasa fikiria springi yenye pleti tano za milimita 7. Ukiongeza ya sita iliyo sawa na wenzake, ukakamavu unapanda kama asilimia 20. Lakini ukiongeza moja ya milimita 10, labda iliyotolewa kwenye springi ya lori dogo, unapanda kama asilimia 58. Hesabu hii nimeirahisisha, maana pleti fupi hazifanyi kazi sawa na ndefu, ila inaonyesha kwa nini pikapu mbili zilizoongezewa pleti moja moja zinaweza kutofautiana kabisa. Tofauti ya milimita 3, ambayo macho hayaioni vizuri kwenye chuma chenye kutu na tope, ndiyo inayoamua.

Halafu kuna jambo la pili ambalo huvunja springi nyingi bila mwenye gari kujua sababu. Chukua pleti mbili, nene na nyembamba, uzipinde kwa mkunjo mmoja. Ngozi ya ile nene inavutwa zaidi. Ikiwa nene mara mbili, inavutwa mara mbili. Kwa hiyo pleti nene iliyopachikwa katikati ya nyembamba na kulazimishwa kupinda nazo ndiyo inayochoka kwanza, mara nyingi kwenye tundu la senta bolti, bolti inayozishika pleti pamoja katikati, mahali ambapo chuma kimetobolewa na nguvu ya kupinda ndiyo kubwa kuliko kwingine kote. Viwanda vinalijua hili. Angalia springi ya Hilux ambayo haijaguswa: chini kabisa utaona pleti nene, karibu imenyooka, ambayo gari likiwa tupu ncha zake hazigusi kitu. Mzigo ukiongezeka, pleti za juu zinanyooka hadi zinaikuta, na hapo ndipo inaanza kubeba. Gari linakuwa na springi laini safari ya kwenda na springi ngumu safari ya kurudi na gunia. Ukiongeza pleti iliyopinda sawa na za juu, umeufuta mpango huo, na ugumu unao muda wote, mzigo uwepo usiwepo.

Ugumu wa muda wote ndio unaolifanya gari tupu liruke. Kasi ambayo gari hubembea juu na chini hutegemea springi inashuka kiasi gani kwa uzito ulio juu yake. Ikishuka sentimita 10, gari hubembea kama mara 1.6 kwa sekunde, na hilo mwili unalivumilia. Ikishuka sentimita 3 tu, linabembea karibu mara 2.9 kwa sekunde, na tunasogea kuelekea mitikisiko ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde ambayo mwili wa binadamu uliokaa kitini huipokea vibaya kuliko yote. Mgongo unaumia. Kibaya zaidi, kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, tairi linaruka kutoka wimbi hadi wimbi badala ya kufuata ardhi, na tairi lililo hewani halishiki kona wala halifungi breki. Shokapu za zamani zilipimwa kutuliza springi za zamani. Ukibadilisha springi ukaziacha zilezile, zinazidiwa, na si ajabu kuzikuta zinavuja mafuta baada ya muda mfupi.

Nafika kwenye breki, na hapa naomba kila mwenye pikapu ya zamani asome taratibu. Kwenye Hilux nyingi za miaka ya nyuma, na pikapu nyingine zisizo na breki za kielektroniki, kuna fimbo nyembamba inayounganisha ekseli ya nyuma na vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi ya vali hiyo ni kuamua magurudumu ya nyuma yapate presha kiasi gani ya mafuta ya breki. Gari tupu halihitaji presha kubwa nyuma, maana magurudumu mepesi hujifunga haraka na gari likageuka ubavu. Gari lenye mzigo linaihitaji. Vali inajuaje kama kuna mzigo? Haina mizani. Inapima umbali tu kati ya ekseli na chesisi: chesisi ikishuka, fimbo inasukuma, na vali inafungua presha zaidi.

Sasa umefunga springi ngumu. Umepakia mifuko 16 ya saruji, kilo 800, na chesisi imeshuka kidogo sana. Kwa vali, gari hilo ni tupu. Inayanyima magurudumu ya nyuma presha wakati yamebeba uzito mkubwa kuliko siku zote, breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake, na unahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Dereva anaona gari limesimama wima, limependeza, na anadhani liko salama zaidi kuliko lilipokuwa limekaa chini. Kinyume chake pia ni kweli: springi zilizochoka hushusha chesisi, vali inadhani kuna mzigo, na gari tupu likifungiwa breki kwenye mvua, nyuma inaweza kutangulia. Dawa ipo. Fimbo au mkono wa vali hurekebishwa kwa vipimo vya mtengenezaji, na presha ipimwe kwa geji ukiwa na mzigo na bila mzigo. Pikapu mpya ambazo kompyuta hugawa nguvu ya breki kwa kuangalia mzunguko wa magurudumu hazina tatizo hili. Lakini zile za zamani ndizo nyingi barabarani kwetu, na ndizo zinazoongezewa pleti kila siku. Fundi akikuambia kazi imekwisha bila kuigusa fimbo hiyo, bado haijaisha.

Kuinuka kwa gari kunagusa pia propela, mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini hadi difu kwenye ekseli ya nyuma. Pembe kati yake na difu ikibadilika, utasikia mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani na kupotea. Kwa kawaida hurekebishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Baadhi ya watu hawaongezi pleti. Wanazipeleka zilezile zikakunjwe upya. Hapa inafaa kujua chuma hiki ni cha aina gani. Ni chuma chenye kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, chenye kromi au manganizi, kilichochomwa kikawa chekundu, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto la wastani ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kukatika. Ndicho chuma ambacho wahunzi wetu hukitafuta kwa panga na sime, kwa sababu hushika makali. Lakini mhunzi anajua hatua zote za moto. Gereji inayochoma pleti kwa gesi, ikaikunja na kuiacha ipoe yenyewe, imeondoa ugumu ulioifanya iwe springi, na itarudi kukaa chini upesi. Kuilehemu ni hatari zaidi, maana pembeni mwa kiungo chuma kinakuwa kikavu na hukatika ghafla. Kuikunja kwa nyundo ikiwa baridi hakuharibu kiasi hicho, ila chuma kilichokwisha kuchoka hakirudishiwi umri wake.

Jambo moja halibadiliki hata ukifunga springi ghali kuliko zote: uzito ambao gari liliundwa kuubeba. Springi inaamua gari likae juu kiasi gani na libembee vipi. Beringi za magurudumu ni zilezile, ekseli ni ileile, chesisi ni ileile, na tairi lina kikomo chake kilichoandikwa ubavuni. Namba 112, kwa mfano, maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja na si zaidi. Gari likikaa chini linakuonya kwamba mzigo ni mkubwa. Ukiweka springi zisizoshuka, onyo limeondoka na mzigo umebaki, na chesisi inaanza kupasuka kidogokidogo, mara nyingi nyuma ya kebini. Mifuko ya hewa inayofungwa juu ya ekseli huleta hatari hiyohiyo kwa njia nyingine: pleti hupeleka uzito kwenye ncha mbili za springi, ilhali mfuko wa hewa huusukuma katikati, mahali ambapo chesisi haikutarajia.

Kwa hiyo jambo la kumwambia muuza springi ni uzito gani upo kwenye gari kila siku, na si uzito mkubwa kabisa utakaowahi kubeba. Pikapu za miraa zinazotoka mji wa Maua, Meru, kwenda Nairobi hubeba mzigo wa aina moja kila safari, na gari la watalii la Arusha lina viti vya ziada, paa la kuinuka na tangi la pili la mafuta hata likiwa halina mgeni. Magari kama hayo yanastahili springi nzito. Kampuni za Australia zenye chapa kama Old Man Emu na Ironman huuza springi kamili kwa madaraja ya uzito wa kudumu, na nionavyo mimi, seti kamili iliyopangwa pamoja ni bora kuliko pleti ya kuokoteza kila inapowezekana. Mkulima anayebeba viazi mara mbili kwa mwezi na siku nyingine anaenda sokoni na familia hahitaji hizo. Anahitaji pleti za kiwandani zilizo nzima, shokapu nzuri, na labda pleti ya chini iliyonyooka inayoanza kazi pale mzigo unapokuja.

Kabla ya kwenda gereji, pima. Egesha gari mahali tambarare likiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Pande mbili zikitofautiana sana, kuna pleti iliyovunjika au iliyochoka upande mmoja, na kuongeza pleti hakutaiponya. Springi hubadilishwa pande zote mbili pamoja. Dai yubolti mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika na hazishiki sawasawa. Bolti za masikio zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake na si likiwa kwenye jeki, vinginevyo bushi za mpira zitakaa zimejisokota na kupasuka mapema. Pleti mpya zikishakaa mahali pake, yubolti hulegea kidogo, hivyo rudi gereji baada ya kilomita 500 hivi zikazwe upya.