Sheikh Abdallah Saleh Farsy: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukiingia nyumba ya Muislamu yeyote msomaji, iwe Unguja, Mombasa, Tanga au Kigoma, si ajabu ukaikuta *Qur'ani Takatifu*, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, rafuni, na jina la mfasiri wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, juu yake. Kwa wengi hapo ndipo khabari zake zinapoanzia, na hapo hapo ndipo zinapokomea. Mtu aliyesomesha maisha yake yote amebaki kuwa jina la jaladani, na mengi yanayozungumzwa juu yake barazani ni ya kukisia.

"Ndiye wa kwanza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili."

Siye. Wa kwanza kuichapisha yote ni Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyekuwa Zanzibar. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1923, na haikuandikwa kwa ajili ya Waislamu bali zaidi kwa watumishi wa misheni, ili wajue wanachobishana nacho. Mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Masunni hawakubaliani na itikadi zake, ikatoa ya kwao Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, akisaidiwa na Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Upande wa Masunni, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa ameianza kazi hiyo, lakini alifariki 1947 kabla ya kuikamilisha.

Cha Farsy ni kuwa mwanachuoni wa kwanza wa Kisunni wa Afrika Mashariki ambaye tafsiri yake kamili ilifika mtamboni. Ilichapishwa Nairobi mwaka 1969 na Islamic Foundation. Wala haikuandikwa kwa mkupuo mmoja. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akitoa sura na juzuu katika vijitabu, na watu wakivinunua na kuvisoma kimoja baada ya kimoja.

Kwenye maelezo yake anawajibu Ahmadiyya bila kumung'unya maneno, hasa katika mambo mawili: kama Nabii Isa alikufa au hakufa, na nini maana ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kuwa mwisho wa Manabii. Anayeyasoma maelezo hayo leo bila kujua kwamba tafsiri ya 1953 ilikuwa tayari mikononi mwa watu atashangaa ukali huo umetoka wapi.

"Ni tafsiri ya neno kwa neno, basi lugha yake nzito."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mwalimu anapoonekana. Chukua Bismillahi. Wafasiri wengi wameyageuza majina Rahman na Rahim kuwa maneno mawili ya rehema yanayokaribiana. Yeye akaandika kuwa Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuneemesha neema kubwa kubwa na Mwenye kuneemesha neema ndogo ndogo. Wapo wanaoliona hilo refu, hata la ajabu. Lakini aliyekaa kwenye darsa za Kishafi, madhehebu ya Kisunni yaliyoenea mwambao, analijua, maana ndivyo vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, na hashia zake, yaani maelezo ya pembeni, zinavyoyafafanua majina hayo mawili: moja kwa neema zilizo kubwa, jengine kwa zile nyembamba zisizoonekana kwa urahisi. Mwanafunzi hulisikia siku ya kwanza kabisa kitabu kinapofunguliwa, kabla hata hajafika kwenye udhu.

Farsy alilichukua somo la msikitini akalitia kwenye karatasi. Mabano yaliyojaa katika ukurasa wake ni sauti ya mwalimu anayesimama kati ya aya na kusema, "yaani". Ukizisoma aya zake kwa sauti, kwa Kiunguja chake, utasikia kuwa hakumlenga msomaji wa peke yake chumbani, bali mtu aliyezoea kusomeshwa. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa kazi hiyo, na ndio udhaifu wake pia, kwani asiyejua mabano yako wapi anaweza kuyachanganya maneno ya mwalimu na maneno ya aya.

"Elimu kubwa vile lazima aliipata Azhar au Madina."

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa 1961. Farsy, aliyezaliwa Unguja 1912, wakati huo tayari alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar.

Elimu yake ni ya kwao. Alisoma Unguja, katika silsila ya masheikh wawili wakubwa waliofariki mwaka mmoja, 1925: Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Yeye aliwakuta warithi wao, akina Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait. Chuo cha Bakathir kilikuwa Ukutani, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Asiyejua huona vichochoro tu, lakini hapo walikuja watu kutoka Lamu, Ngazija na Benadir kutafuta elimu.

Kusoma kwenyewe hakukuwa kwa miaka mitatu na cheti. Kijana hukhitimu Qur'ani kwanza, akaanza vitabu vidogo vya fiqhi kama Safina, akapanda hadi Minhaj ya Imam Nawawi. Nahau ana Ajurumiyya, na tafsiri ana Jalalain. Anakisoma kitabu mbele ya sheikh mpaka sheikh aridhike, na anapompa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, anampa pia jina lake la kusimamia.

"Alikuwa kadhi, si mwalimu."

Ukadhi ulikuja mwishoni. Alipoupata Zanzibar mwaka 1960, akikalia kiti alichokikalia mwalimu wake Sayyid Omar, alikuwa anakaribia miaka hamsini, na nyuma yake palikuwa na miaka mingi ya chaki: mwalimu wa skuli za serikali, kisha mkaguzi wa masomo ya dini. Asubuhi darasani na watoto, jioni msikitini na watu wazima. Anayedhani masheikh wa zamani walizikimbia skuli za serikali amsome Farsy vizuri.

Na kwa kuwa ukadhi wenyewe umezungukwa na hofu za bure, niseme: alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kuanzia 1968, hakuwa na uwezo wa kumkata mtu mkono wala kumfunga mwizi. Katiba ya uhuru ya 1963 na sheria ya mahakama za kadhi ya 1967 ziliweka mipaka: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu. Basi.

"Aliondoka Zanzibar kwa sababu ya Mapinduzi ya Januari 1964."

Mapinduzi yalimkuta kadhi, na akaendelea kuwa kadhi hadi 1967.

"Kwa jina Farsy, bila shaka ni Mwajemi, pengine Shia."

Al-Farsy ni jina la ukoo wa Kiomani. Na kitabu chake cha wanavyuoni kimeitwa waziwazi cha wanavyuoni *wa Kishafi*.

"Alikuwa mpinga maulidi tangu siku ya kwanza."

Wanaompenda kwa hili na wanaomchukia kwa hili wote wamemkata nusu. Ni kweli kwamba miaka ya Kenya aliandika kwa ukali dhidi ya bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, na ugomvi ule haujaisha hadi leo misikitini kwetu. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeifasiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili ili watu waelewe wanachokisoma. Na alipoandika *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, mwaka 1972, aliwataja kwa heshima masheikh waliokuwa watu wa tarika na wa maulidi, akieleza nani alisoma kwa nani na nani alimsomesha nani. Hao walikuwa walimu wake na walimu wa walimu wake.

Kitabu hicho kidogo kimewafaa watu ambao yeye huenda hakuwafikiria. Mwanahistoria Mmarekani Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha 1989, na leo ni shida kuandika historia ya elimu ya mwambao bila kukigusa. Hata hivyo si kazi yake ya kwanza ya historia, kama inavyodhaniwa. Mwaka 1942, akiwa bado mwalimu wa skuli, alikuwa ameshaandika juu ya Sayyid Said bin Sultan.

"Alifia Mombasa." Wengine husema Unguja. Alifariki Oman, Novemba 1982.