Orodha nyeusi haizuii barua, unayezuia ni wewe

Wiki hii nimeletewa tena seva ya barua pepe iliyounganishwa na orodha nyeusi kumi na moja, yaani orodha za anwani za mashine zisizoaminika kutuma barua, kila moja ikiwa na mamlaka ya kukataa barua peke yake. Wateja wanalalamika kwamba barua hazifiki, na msimamizi anashikilia lile lile ninaloambiwa kila mara: orodha zikiongezeka, barua taka zinapungua. Zinazoongezeka ni makosa. Kila orodha ina yake, na ukizipa zote kura ya turufu umeyabeba yote.

Orodha nyeusi haizuii kitu. Inajibu swali la DNS, mfumo wa kutafuta majina na anwani za mtandao, basi. Mashine yenye anwani 192.0.2.5 ikija kwenye poti ya 25, mlango ambao seva hupokeana barua, seva yako inaipindua anwani hiyo na kuuliza, kwa mfano kwa Zen, orodha ya shirika la Spamhaus: 5.2.0.192.zen.spamhaus.org. Jina lisipokuwepo, anwani haimo. Likirudi jibu la 127.0.0 na namba fulani mwishoni, imo. Amri ya kumfukuza mgeni umeiandika wewe kwenye mipangilio yako.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoipuuza, nami inaniudhi sana. Zen inaunganisha orodha kadhaa: 2 ni SBL, anwani zinazohusishwa na watuma taka. 4 ni XBL, mashine zilizotekwa. 10 na 11 ni PBL, ambayo haimshutumu mtu yeyote: ni anwani, nyingi za majumbani, ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva za wengine. Sasa mtu anauweka ukaguzi huu mbele ya watumiaji wake mwenyewe, wanaoingia kwa nenosiri kupitia poti ya 587, kisha anashangaa mhasibu wake akikataliwa akiwa nyumbani. Mwenye nenosiri asipitishwe hapo kabisa.

Halafu kuna 127.255.255.254. Hiyo si anwani iliyoorodheshwa. Ni Spamhaus wanakwambia umeuliza kupitia seva ya DNS ya umma, na hawajibu maswali ya njia hiyo. Seva inayosoma kila jibu kama “imo” itakataa barua za dunia nzima. Endesha seva yako ya DNS, na utaje waziwazi namba unazozikubali.

Orodha pia hufa. ORDB, orodha nyeusi ya zamani, ilifungwa Desemba 2006. Machi 2008 ikaanza kujibu “imo” kwa kila anwani, na waliokuwa hawajaiondoa wakakataa kila barua. SORBS, nyingine, ilizimwa Juni 2024 na bado naikuta kwenye mipangilio ya watu. Kipimo kimo ndani ya RFC 5782, waraka unaoeleza orodha hizi: 127.0.0.2 lazima iwemo, 127.0.0.1 isiwemo kamwe. Uliza zote mbili kila siku kwa skripti, na orodha inayokosea hapo iondoe siku hiyo hiyo.

Mimi huipa Zen peke yake haki ya kukataa, tena mlangoni, kwa 554, msimbo wa kukataa, ili seva ya mtumaji imrudishie taarifa. Kuipokea barua na kuitupa kimyakimya ni dhuluma. Orodha nyingine huziachia zitoe alama tu kwenye postscreen, kichujio cha mlangoni cha programu ya barua ya Postfix, kinachojumlisha alama hizo.

Hata hivyo alama zenyewe hunisumbua. Nimezipanga kwa uzoefu na kwa kusoma kumbukumbu za seva, na kumbukumbu hizo zinaonyesha anwani na mtumaji, si maneno ya barua. Aliyekataliwa kimakosa akakata tamaa hanipigii simu. Na anwani moja ya seva ya kukodi inaweza kubeba tovuti nyingi. Moja ikivamiwa, majirani wote wanaadhibiwa, na mkono unaowaadhibu ni wangu.

Katika zile kumi na moja, tatu zilikuwa zimekufa. Nimeacha Zen ikatae, mbili zitoe alama, nyingine nimezifuta. Jioni ile ile barua za watumaji waliokuwa wakikataliwa zilianza kuingia.